Kidonge Kifike Panapouma

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wafamasia na wauguzi wenzangu, na ninyi wagonjwa pamoja na ndugu zenu mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumzie matibabu ya magonjwa ya utumbo yanayodumu. Ni uwanja mpana, na muda wangu nitautumia kwa jambo moja tu ndani yake: namna kidonge kinavyosafiri kutoka mdomoni mpaka kwenye sehemu ya utumbo inayoumwa, na namna safari hiyo ikiharibika dawa nzuri, ya bei kubwa, inavyokuwa kazi bure.

Nimelichagua kwa sababu ndilo ambalo sisi tunaokaa dirisha la dawa tunaweza kulirekebisha kesho asubuhi, bila bajeti mpya na bila kungoja mashine.

Magonjwa yenyewe ni mawili. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo wengi tunaiita vidonda vya utumbo mpana. Huanzia kwenye puru, karibu kabisa na njia ya haja kubwa, kisha hupanda juu bila kuruka mahali, na huchubua utando wa ndani. Mgonjwa anaharisha damu na makamasi. Anakwenda chooni mara kumi kwa siku, usiku halali, na akiwa safarini hawazi kitu kingine ila choo kiko wapi. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Mwaka 1932 yeye na wenzake, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walieleza wagonjwa ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulikuwa umevimba, umekuwa mnene na kuanza kuziba. Huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Unashika hapa, unaruka pale, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo.

Katika yote mawili, kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia utumbo wa mwenyewe. Hayaambukizwi. Hayaletwi na kurogwa, na mama hapaswi kulaumiwa kwamba amempikia mtoto chakula kibaya. Na hakuna kidonge kinachoyang'oa moja kwa moja. Zipo dawa za kuyatuliza, na za kuzuia yasirudi kuwaka.

Sasa fikirini hiyo njia. Tunameza juu, panapouma ni chini, mita kadhaa mbele. Kidonge kinaingia kwanza kwenye tumbo la chakula, lenye tindikali kali. Kinatoka hapo na kuingia utumbo mwembamba, ambao kazi yake tangu tumeumbwa ni kufyonza chochote kinachofyonzeka. Kwa dawa nyingi hilo ndilo tunalolitaka. Dawa ya malaria tunataka iingie kwenye damu, na utumbo mwembamba unatusaidia. Lakini dawa ambayo ndiyo msingi wa matibabu ya kolaitisi ya vidonda, mesalazini, ambayo kwenye vitabu mtaikuta pia kwa jina la 5-ASA, haifanyi kazi kwa kupitia damu. Inafanya kazi kwa kugusa utando wa utumbo mpana, kutokea ndani. Ukiimeza ikiwa tupu, hufyonzwa karibu yote kwenye utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo na ini huibadilisha, na figo huitoa kwenye mkojo. Ni kama kifurushi cha Kigoma kilichoshushwa Morogoro. Hakijaibiwa wala hakijavunjika, ila mwenyewe aliyekuwa anakisubiri hatakipata.

Kwa hiyo habari nitakayowaeleza asubuhi hii ni ya anwani: wanasayansi waliiandikaje kwenye kidonge, na sisi tunaifutaje bila kujua.

Anwani ya kwanza iliandikwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba ni anwani. Huko Stockholm, Sweden, alikuwepo daktari mwanamke aitwaye Nanna Svartz. Mwaka 1937 alikuwa profesa wa tiba katika taasisi ya Karolinska, mwanamke wa kwanza nchini mwake kupata uprofesa katika chuo kikuu cha serikali. Dada zangu mnaosoma famasia, jina hilo mlishike. Svartz alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi, maradhi ya viungo. Enzi hizo wengi waliamini kwamba baridi yabisi inaletwa na bakteria, kwa hiyo akafikiri hivi: tuchukue dawa ya salfa inayoua bakteria, tuiunganishe na jamii ya aspirini inayotuliza uvimbe, viwe kitu kimoja. Akishirikiana na kampuni ya Pharmacia, ikapatikana salfasalazini. Alipowapa wagonjwa, akaona kwamba wale waliokuwa na vidonda vya utumbo mpana wanapata nafuu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1942.

Dawa ikatumika miaka zaidi ya thelathini bila watu kujua ni sehemu gani yake inayotibu. Je, ni salfa? Ni ile jamii ya aspirini? Au ni vyote viwili vikiwa vimeshikana?

Jibu lilikuja kwa hatua. Mwaka 1972, Mark Peppercorn na Peter Goldman, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba bakteria wa utumbo ndio wanaoivunja salfasalazini katikati. Panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni hawakuweza kuivunja. Mwaka 1977, huko Oxford, A. K. Azad Khan, daktari kutoka Bangladesh, pamoja na Piris na Truelove, wakafanya jaribio ambalo mimi nalipenda kwa urahisi wake. Walichukua salfasalazini nzima, wakachukua na vipande vyake viwili, kila kimoja peke yake, wakawapa wagonjwa kwa njia ya haja kubwa, ili dawa ifike moja kwa moja kwenye puru bila kupita tumboni. Waliopewa salfasalazini na waliopewa 5-ASA, takriban asilimia 30 yao vipimo vya utando vilionyesha nafuu. Waliopewa salfa peke yake, asilimia 5.

Mnaona maana yake? Salfa haikuwa dawa ya utumbo. Ilikuwa mbebaji. Kile kifungo kinachoziunganisha, kinachoitwa kifungo cha azo, kinazuia sehemu kubwa ya dawa isifyonzwe juu. Dawa inapita utumbo mwembamba, inaingia utumbo mpana, na huko inakutana na bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini, kiasi cha bilioni 100 katika kila gramu moja ya uchafu. Bakteria hao wanakikata kile kifungo, na 5-ASA inaachiwa palepale inapohitajika. Svartz alikuwa ametengeneza dawa ya kwanza inayojua inakokwenda, akidhani anatengeneza kitu kingine. Ninalisema hili kwa heshima kubwa kwake, kwa sababu aliyekuwa macho kumwona mgonjwa wa utumbo akipata nafuu ni yeye, wala hakupuuza alichokiona.

Lakini mbebaji ana gharama yake. Salfa ikiisha kuachiwa inafyonzwa na kuingia kwenye damu, na ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya maudhi: kichefuchefu, kichwa kuuma, vipele. Inapunguza mbegu za kiume, jambo ambalo kijana aliyeoa juzi ana haki ya kuambiwa mapema, na kuambiwa pia kwamba zinarudi dawa ikisimamishwa. Inapunguza ufyonzwaji wa foliki asidi, ndiyo maana mara nyingi tunaandika zote mbili pamoja. Na mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu. Sisi tunaoishi huku, hasa pwani na kandokando ya Ziwa, ambako malaria imekaa na mababu zetu kwa karne nyingi, upungufu huo tunao kwa wingi kuliko watu wa Sweden. Muulizeni mgonjwa kama aliwahi kukojoa mkojo wa rangi ya kokakola baada ya kunywa dawa fulani. Na mwambieni kwamba salfasalazini yenyewe hufanya mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, asije akaogopa akaitupa.

Baada ya Oxford, swali likawa wazi: kama kinachotibu ni 5-ASA, tunaweza kuifikisha chini bila salfa? Wapo waliobaki kwenye njia ya Svartz, wakabadilisha mbebaji tu. Olsalazini ni 5-ASA mbili zilizofungwa mgongo kwa mgongo. Balsalazidi ina mbebaji mpole zaidi. Wengine wakasema tuiache molekuli yenyewe, tuivike ganda.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ganda ndilo tunalolishika mikononi kila siku.

Mjini Darmstadt, Ujerumani, kampuni ya Röhm ilikuwa inatengeneza utomvu wa akriliki uitwao Eudragit. Uzuri wake ni kwamba mtengenezaji anaweza kuchagua uyeyuke kwenye kiwango gani cha tindikali. Aina moja huyeyuka pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hupanda kadiri tindikali inavyopungua, ikifika 5.5, nyingine 6, nyingine mpaka ipite 7. Sasa, tumbo la chakula lina pH ya 1 hadi 3 hivi, na kadiri unavyoshuka ndani ya utumbo mwembamba tindikali inapungua. Mwaka 1988 David Evans na wenzake walichapisha vipimo vya watu 66 wenye afya waliomeza vidude vidogo vyenye redio ndani, vinavyotuma kipimo cha pH kutoka kila sehemu vinakopita. Mwanzo wa utumbo mwembamba walikuta wastani wa 6.6. Mwisho wake, 7.5. Basi ukilivika kidonge ganda linalongoja pH ipite 7, litabaki zima tumboni, litabaki zima kwenye sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, na litaanza kufunguka karibu na mlango wa utumbo mpana.

Watu wa Cardiff, Wales, walikuwa wameshalijaribu wazo hilo. Mwaka 1982 kundi la John Rhodes liliweka bariamu ndani ya kapsuli zilizovikwa ganda hilo, watu wakazimeza, kisha zikafuatiliwa kwa eksirei mpaka zilipofunguka. Kutoka kazi hiyo ikapatikana mesalazini iliyouzwa kwa jina la Asacol.

Wazo ni zuri. Mwili lakini hausomi vitabu vyetu. Vipimo vilevile vya 1988 vilionyesha kitu ambacho wanafunzi wengi hushangaa wakikisikia: ukiingia utumbo mpana upande wa kulia, pH haiendelei kupanda, inashuka, wastani 6.4. Sababu ni bakteria walewale; wanachachua mabaki ya vyakula na kutoa tindikali. Kwa hiyo dirisha la kufunguka ni dogo. Kidonge kikikimbizwa na kuhara, kikapita mwisho wa utumbo mwembamba kabla ganda halijalainika, kinaingia mahali ambapo pH imeshuka tena, na kinaweza kutoka kizima. Na utumbo mpana uliovimba huwa na tindikali zaidi kuliko ule wenye afya. Maana yake, mgonjwa aliyezidiwa, ambaye ndiye anayeihitaji dawa kuliko wote, ndiye ambaye ganda linaweza kumwangusha.

Mgonjwa akikuambia dirishani, "Dokta, kidonge nimekiona chooni kimetoka kama nilivyokimeza," usimcheke. Muulize maswali mawili: kilikuwa kizima na kizito, au ni ganda tupu? Zipo aina ambazo huacha ganda tupu baada ya dawa kutoka, na hilo halina shida. Ila kama ni kizima mara kwa mara, mwandikie daktari wake siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa huyo anameza dawa na hatibiwi.

Wapo waliolifanyia kazi tatizo hili. Chuo Kikuu cha London, UCL, kundi la Abdul Basit lilitengeneza ganda lenye njia mbili za kufunguka. Ndani ya ule utomvu wa akriliki wamechanganya wanga ambao vimeng'enya vyetu vya utumbo mwembamba haviuwezi, ila bakteria wa utumbo mpana wanaula. pH ikifika 7, ganda linayeyuka. Isipofika, bakteria wanalila. Moja ikishindwa nyingine inafanya kazi. Wazo hilo limeshaingia kwenye kidonge cha mesalazini cha miligramu 1,600 kinachotumika Ulaya. Ukiangalia vizuri, ni kurudi kwa bakteria wa Svartz, safari hii kwa makusudi.

Pentasa, mesalazini ya aina nyingine, inakwenda kwa utaratibu tofauti kabisa. Ni chembechembe zilizovikwa ethiliselulosi, zinazoachia dawa kidogokidogo kuanzia mwanzo wa utumbo mwembamba mpaka mwisho wa utumbo mpana, bila kungoja pH fulani. Nawaomba mlishike hilo, maana tunaona kwenye maboksi "mesalazini 500" na "mesalazini 500" tukafikiri ni kitu kimoja. Jina moja, uzito mmoja, anwani mbili tofauti. Mgonjwa aliyetulia kwa aina moja usimbadilishie kwa sababu tu kwenye shelfu imebaki nyingine, bila kumwambia yeye na daktari wake.

Na ganda lenyewe nalo ni kemia. Baadhi ya maganda ya zamani yalikuwa na dibutili falati ya kulifanya lisipasuke, kemikali ambayo kwa wanyama wa maabara, kwa dozi kubwa, ilidhuru watoto tumboni, watengenezaji wakabadilisha. Kwa mama mjamzito, basi, msisome jina la dawa peke yake.

Steroidi nazo, dawa kali za kutuliza uvimbe, nizitaje. Truelove yuleyule wa Oxford, pamoja na Witts, ndiye aliyeonyesha mwaka 1955 kwamba kotizoni inawasaidia wagonjwa waliowaka vibaya. Hadi leo prednisoloni inaokoa watu. Lakini mnajua inachokifanya ikitumika miezi mingi: uso unavimba kama mwezi, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inakuwa laini. Budesonaidi ililetwa kupunguza hayo. Inavikwa ganda ili ifunguke mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana, mahali Crohn anapopenda kukaa. Ipo na aina nyingine inayoachia dawa utumbo mpana wote. Inafanya kazi pale kwenye ukuta wa utumbo, na ile inayofyonzwa hupita kwenye ini, ambalo huivunja karibu asilimia 90 kabla haijazunguka mwilini. Ini hapa linatufanyia kazi. Nadhani hii ni mojawapo ya fikra bora kabisa katika famasia ya karne iliyopita: kuutumia mwili wenyewe kuizuia dawa isivuke mpaka.

Nisiwadanganye, dawa za anwani zina mipaka yake. Kwa Crohn, mesalazini imetuvunja moyo. Ugonjwa unaopenya ukuta mzima hautulizwi kwa kupaka utando wa juu. Kwa mgonjwa ambaye vidonda viko kwenye puru peke yake, kidonge cha kumeza kinafika kimechoka. Huyo anahitaji dawa ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, na kama vidonda vimepanda, kumeza pamoja na kuingiza kunashinda kimoja peke yake. Najua watu wetu wanaona haya. Mzee wa miaka sitini hataki kuambiwa na binti wa miaka ishirini na tano namna ya kuingiza dawa huko. Basi mtafutieni mfamasia mwanamume, au muuguzi wa rika lake, mumpeleke chumba cha pembeni, lakini msiiache dawa kwa sababu ya haya. Na mgonjwa mwenye homa, moyo unakwenda mbio, damu nyingi na tumbo limejaa, huyo si wa vidonge tena. Huyo ni wa kulazwa leo.

Dawa za kibiolojia, kama infliksimabu iliyoruhusiwa Marekani kwa Crohn mwaka 1998, ni protini. Ukizimeza tumbo litazisaga kama linavyosaga nyama, ndiyo maana zinachomwa. Kuna watafiti wanaohangaika kuzivika ganda zimezwe. Kuna wengine wanaotengeneza chembe ndogo mno, ndogo kuliko bakteria, baada ya Alf Lamprecht na wenzake kuonyesha mwaka 2001, kwa panya, kwamba chembe za aina hiyo hunasa zaidi kwenye utando uliovimba kuliko kwenye utando mzima. Mwaka 2016 kundi la Didier Merlin, Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, lilichapisha kazi ya chembe kama hizo zilizotolewa kwenye tangawizi, ambazo kwa panya zilipunguza uvimbe wa utumbo mpana. Nimeitaja tangawizi kwa tahadhari, kwa sababu najua kesho mtu ataandika kwenye makundi ya WhatsApp kwamba chai ya tangawizi inatibu kolaitisi. Hapana. Ilikuwa panya, na ilikuwa chembe zilizochujwa maabara. Kunywa chai yako, na dawa yako umeze.

Turudi nyumbani. Miaka ya 1970 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika kwamba magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa nadra huku kwetu. Kwa wakati wake naamini alikuwa na hoja. Lakini neno "nadra" limetukalia vibaya. Daktari aliyefundishwa kwamba ugonjwa huu haupo Afrika, akimwona kijana anaharisha damu, anaandika ameba. Akirudi, ameba tena. Metronidazo dozi ya tatu, ya nne, mpaka mgonjwa amepungua kilo na damu imekwisha. Ukweli ni kwamba tunayo mengi yanayofanana nayo. Ameba ipo. Kichocho cha tumbo kipo, waulizeni wavuvi wa Ziwa Victoria. Kifua kikuu cha utumbo kinakaa palepale anapokaa Crohn, na ukimpa steroidi mgonjwa wa kifua kikuu ukidhani ni Crohn unaweza kumwua. Kwa hiyo choo kipimwe, kifua kikuu kitafutwe, na kamera iingizwe kwenye utumbo mpana na kinyama kikatwe, kabla hatujazungumza habari ya kidonge kipi. Anwani sahihi ya dawa haina maana kwa ugonjwa uliokosewa jina.

Akishathibitishwa, mgonjwa anakuja kwetu dirishani. Na hapa, wenzangu, ndipo tunapofuta anwani.

Tunaifuta kwa kinu na mchi. Mama anasema mtoto hawezi kumeza kidonge kikubwa namna hii, na sisi kwa huruma tunakitwanga, tunamfungia unga kwenye karatasi achanganye kwenye uji. Mesalazini iliyotwangwa imerudi kuwa ile mesalazini tupu niliyoisema mwanzo. Itaishia kwenye mkojo. Mama atanunua, mtoto atakunywa kila siku, na damu haitakata. Siwezi kuwaeleza inavyouma kuona familia iliyouza mbuzi kwa ajili ya dawa ambayo sisi wenyewe tumeiharibu kwa mikono yetu. Salfasalazini ya kawaida, isiyo na ganda, haina tatizo hilo, maana anwani yake iko ndani ya molekuli na mchi hauwezi kuifuta. Lakini ile yenye ganda la kulinda tumbo nayo isisagwe. Zipo aina za mesalazini, kama zile za chembechembe, zinazoruhusiwa kutawanywa kwenye maji baridi na kunywewa papo hapo bila kutafuna. Someni karatasi ya ndani ya boksi, kila boksi, hata kama mlishaisoma mwaka jana.

Tunaifuta kwa antibayotiki zisizo na sababu. Salfasalazini inawategemea bakteria. Mtu anayemeza ampisilini kwa kila mafua anawapunguza wale ambao ndio wanaoifungua dawa yake. Akihitaji antibayotiki kweli, apewe. Ila mgonjwa huyu asiuziwe kapsuli nne za mkononi bila cheti.

Dawa za kupunguza tindikali nazo, za maji na za kutafuna, zikimezwa pamoja na kidonge chenye ganda la pH, zinaweza kulifungua mapema. Zitenganishwe. Na diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu zinauzwa kama karanga, zinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Kwa maumivu mpeni parasetamo.

Jambo la mwisho kwa wanaoagiza dawa hospitalini. Salfasalazini iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya mesalazini. Nimesikia ikiitwa dawa ya zamani, kana kwamba uzee ni kasoro. Kwa mgonjwa asiye na mzio wa salfa na asiye na tatizo la G6PD, anayeanza kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole pamoja na foliki asidi, ni dawa inayofika. Naomba isikosekane kwenye stoo zetu mwezi hata mmoja, maana mgonjwa aliyetulia akiikosa wiki chache anaweza kurudi kuharisha damu, na kuutuliza mara ya pili ni kwa steroidi. Wanaotumia mesalazini wapimwe figo kabla ya kuanza na kila baada ya muda, kwa kuwa kwa watu wachache inaziathiri.

Na kwenye bahasha ya dawa, tusiishie kuandika "mbili mara tatu". Andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na mumsomee mgonjwa kabla hajaondoka: "Meza kizima. Usitafune, usivunje, usisage. Usiache ukipata nafuu. Ukikiona kimetoka kizima chooni, tupigie." Chini yake muandike namba ya simu ya famasia yenu, ile inayopokelewa.